Kibaba cha Mpagazi na Saratani ya Utumbo Mpana

Katika karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi aliyesafiri kati ya Unyanyembe na Bagamoyo alibeba begani mzigo wa kilo 30 hivi. Aliposhuka pwani alichukua pembe za ndovu. Aliporudi bara alichukua majora ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Wazungu Richard Burton na John Speke, walioifuata njia hiyo, waliondoka pwani mwezi Juni 1857, nao wakawasili Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba. Muda wote huo msafara uliishi kwa posho. Kipimo cha posho kilikuwa kibaba: kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku, yapata ratili moja na nusu.

Nafaka hiyo mara nyingi ilikuwa mtama. Ilitwangwa kinuni au kusagwa juu ya jiwe, ikasongwa ugali, ikaliwa kwa kunde, mlenda au mboga nyingine ya majani iliyopatikana njiani. Hapakuwa na mashine ya kukoboa. Pumba kiasi zilipepetwa, lakini sehemu kubwa ya ganda na kiini cha punje ilibaki ndani ya unga na kuingia tumboni mwa msafiri.

Isidhaniwe kwamba maisha yale yalikuwa na afya kuliko ya leo. Ndui, homa na kuhara damu viliua wapagazi wengi, na makaburi yao hayana alama. Hata hivyo kibaba kile cha nafaka isiyokobolewa kinahusika na swali ambalo wanasayansi wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka 50: kwa nini saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu katika vijiji vya Afrika, ilhali Ulaya na Marekani ilikuwa miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi? Na je, chakula kinapobadilika, ni nini hasa kinachobadilika ndani ya seli za utumbo?

Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo lilivyoanzia barabarani katika Afrika ya Mashariki, likaingia katika maabara za elimu ya molekuli, na sasa limerudi katika vyungu vya nyumbani kwetu.

DAKTARI ALIYETAFUTA JIBU BARABARANI

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Alipoteza jicho moja akiwa mtoto, jambo ambalo halikumzuia kuwa mpasuaji. Alianza kazi Uganda mwaka 1946, kwanza Lira, kisha katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwonyesha mtoto aliyekuwa amevimba taya pande zote. Burkitt alikusanya habari za watoto wengine wa namna hiyo, na mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo unajulikana duniani kote kwa jina lake: limfoma ya Burkitt.

Alitaka kujua ugonjwa huo unaanzia wapi na unaishia wapi. Mwezi Oktoba 1961, pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, alianza safari ya gari ya maili zipatazo 10,000. Safari hiyo ilichukua majuma kumi na kupita katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, Tanganyika ikiwamo. Katika kila hospitali waliuliza swali lile lile na kuonyesha picha zile zile. Waligundua kwamba ugonjwa ulipatikana katika nchi za joto na mvua, na ulitoweka katika miinuko yenye baridi.

Ramani hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake huko London waligundua virusi katika seli za uvimbe huo. Baadaye ikaonekana kwamba ndani ya seli hizo kipande cha kromosomu ya 8 kimehama na kushikamana na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, na mwaka 1982 ilifahamika kwamba kipande hicho hubeba jeni inayosukuma seli igawanyike bila kupumzika. Hivyo ramani iliyochorwa kwa gari la vumbi iliwaongoza wanasayansi hadi ndani ya kiini cha seli.

Burkitt alirejea Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Thomas Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyeamini kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri yanatokana na sukari na unga uliokobolewa. Burkitt aliyakumbuka yale aliyoyaona Mulago kwa miaka mingi: magonjwa kadhaa ya utumbo ambayo mpasuaji wa Uingereza aliyashughulikia kila juma, yeye katika Uganda aliyaona kwa nadra. Akatumia tena njia aliyoijua, akawaandikia madaktari wa hospitali za vijijini barani Afrika na kwingineko akiwaomba wamhesabie wagonjwa wao.

Mwaka 1971 alichapisha makala kuhusu saratani ya utumbo mpana na puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya njia ya haja kubwa. Alionyesha kwamba saratani hiyo haikufuata rangi ya mtu. Wamarekani wenye asili ya Afrika waliipata karibu sawa na Wamarekani weupe, wakati ndugu zao wa mbali waliokuwa vijijini Afrika hawakuipata ila mara chache. Kilichotofautiana kilikuwa maisha, na katika maisha Burkitt alikitilia mkazo chakula.

Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya kinyesi na vya muda ambao chakula hukaa tumboni. Wanakijiji wa Uganda walitoa kwa siku wastani wa gramu 470 hivi za kinyesi, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa saa 36 hivi. Kwa mabaharia wa Uingereza waliokula vyakula vilivyokobolewa, kinyesi kilikuwa gramu 100 tu na zaidi kidogo, na safari ya chakula ilizidi saa 80. Wapo waliomcheka daktari aliyepima kinyesi. Lakini hoja yake ilikuwa nzito: kama ndani ya kinyesi mna vitu vinavyoweza kudhuru seli, basi kinyesi kidogo, kigumu na kinachokawia huviacha vitu hivyo viguse kuta za utumbo kwa muda mrefu zaidi.

Wenye shaka nao walikuwa na hoja zao. Katika vijiji vya Afrika watu wachache zaidi walifikia umri ambao saratani hii hutokea sana, na wagonjwa wengi hawakufika hospitali kuhesabiwa. Aidha, mambo mawili yanayokwenda pamoja si lazima moja liwe chanzo cha lingine. Mpagazi alikula mtama, lakini pia alitembea kutwa nzima. Ilikuwa lazima sayansi iingie ndani ya seli yenyewe.

SAFARI YA SELI KUELEKEA SARATANI

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa karibu meta moja na nusu. Ngozi yake ya ndani ina vishimo vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Chini ya kila kishimo zipo seli shina ambazo hugawanyika ili kutoa seli mpya. Seli mpya hupanda juu ya ukuta wa kishimo, hufanya kazi yake, kisha hufa na kumwagika. Yote hayo huchukua chini ya juma moja au zaidi kidogo, na hurudiwa maisha yote.

Kila seli inapogawanyika, hapana budi maandishi yote ya DNA yanakiliwe. Maandishi hayo ni marefu: nakala moja kamili ya urithi wa binadamu ina herufi bilioni tatu hivi. Seli ina vimeng'enya vya kusahihisha makosa ya unakili, lakini katika kazi kubwa namna hiyo makosa machache hupita. Mengi hayana madhara. Machache huangukia jeni zinazotawala mgawanyiko wa seli, na hapo ndipo safari ya saratani inapoanza.

Aliyeieleza safari hiyo kituo kwa kituo ni Bert Vogelstein, daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, Marekani. Kwa mtafiti wa jeni, utumbo mpana una faida moja kubwa: hatua za ugonjwa huonekana kwa macho. Kwanza hutokea kijinyama kidogo ukutani, kijinyama hukua, baadaye, katika baadhi yake, hutokea saratani inayopenya ukuta. Vogelstein na wenzake walichukua vipande kutoka katika kila hatua na kuvisoma jeni zake. Mwaka 1988 walitangaza matokeo yao ya kwanza, na mwaka 1990 yeye na Eric Fearon walichapisha maelezo ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya tiba.

Walichokiona ni kwamba saratani haizuki kwa pigo moja. Huhitaji makosa kadhaa katika jeni mbalimbali za seli moja na za vizazi vyake. Ni kama msafara uliotoka Bagamoyo: haukufika Ujiji kwa siku moja, bali ulipita Mpwapwa, ukavuka Ugogo, ukapumzika Unyanyembe. Na katika kila kituo uliweza kukwama.

Kituo cha kwanza, kwa wagonjwa wapatao wanane katika kila kumi, ni jeni iitwayo APC iliyo katika kromosomu ya 5. Jeni hii ilitambuliwa mwaka 1991. Kazi yake ya kawaida ni ya breki. Hutengeneza protini inayosaidia kuharibu protini nyingine, beta-katenini, ambayo ikijaa katika seli huiamuru igawanyike. Kila seli ina nakala mbili za APC, moja ya baba na moja ya mama. Zote mbili zikiharibika, seli haishuki tena katika zamu yake ya kufa, bali hubaki na kuongezeka. Hapo kijinyama huanza.

Kituo kingine ni jeni ya KRAS, katika kromosomu ya 12, ambayo hupatikana imebadilika katika wagonjwa wapatao wanne kwa kila kumi. Hii si breki bali ni kichapuzi, ile pedali inayoongeza mwendo. Nakala moja tu ikikwama, seli hupokea amri ya kukua hata pale ambapo hakuna aliyeitoa. Msomaji aliyewahi kuteremka Sekenke, kati ya Singida na Igunga, anaweza kuwazia lori lenye breki mbovu ambalo kichapuzi chake nacho kimenasa.

Mwisho huja jeni ya TP53, iliyo katika kromosomu ya 17. Huyu ni mkaguzi. Seli ikiwa na DNA iliyoharibika, protini ya TP53 huisimamisha ijitengeneze, na ikishindikana, huiamuru ijiue. Mkaguzi akiondoka, seli yenye makosa mengi huruhusiwa kuendelea. Zaidi ya nusu ya saratani za utumbo mpana zimempoteza mkaguzi huyu.

Mpangilio huo si amri isiyovunjwa. Uvimbe mwingine hupita kwa njia tofauti, hasa pale ambapo jeni zinazosahihisha makosa ya unakili ndizo zilizoharibika. Kuna koo ambazo hurithi kasoro hiyo, na ndani yake watu wengi hupata saratani ya utumbo wakiwa bado vijana. Jeni mbili kubwa za aina hiyo, MSH2 na MLH1, zilitambuliwa mwaka 1993 na 1994. Lakini wagonjwa wanaorithi kasoro hii ni wachache, kama watatu katika kila mia. Walio wengi hawakuzaliwa na ugonjwa. Makosa yao yamekusanyika katika miaka ya maisha yao.

Jambo la kushika hapa ni muda. Kutoka kijinyama cha kwanza hadi saratani hupita kwa kawaida miaka 10 au zaidi, na vijinyama vingi havifiki mwisho huo kamwe. Daktari akikiona kijinyama kwa kamera ya utumbo, hukikata na kukitoa pale pale, na safari yake huishia hapo.

MAKAPI HUFANYA KAZI GANI?

Hebu sasa turudi kwenye kibaba cha mpagazi. Sehemu ya nafaka, kunde na mboga ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuisaga huitwa nyuzinyuzi au makapimlo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni taka inayopita tu. Burkitt aliona faida yake katika uzito na mwendo. Utafiti wa baadaye umeonyesha faida nyingine ambayo yeye hakuweza kuiona kwa vipimo vyake.

Katika utumbo mpana wanaishi bakteria kwa matrilioni. Makapimlo yakiwafikia, huyachachusha, na katika kuchachusha huko hutoa asidi ndogo za mafuta. Mojawapo ni butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia butireti kama chakula chao kikuu. Tena butireti huingia hadi kwenye kiini cha seli. Huko, DNA imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama uzi juu ya kibiringo. Butireti huzuia vimeng'enya vinavyoukaza uzi huo, na hivyo jeni zinazoizuia seli kugawanyika ovyo hubaki wazi kusomeka. Katika chupa za maabara, seli nyingi za saratani zikipewa butireti hupunguza kugawanyika, na nyingine hujiua.

Je, hayo ya chupani hutokea mwilini? Majibu hayakuja kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani yalichapishwa. Watu waliowahi kutolewa vijinyama waliongezewa makapimlo kwa miaka mitatu au minne. Vijinyama vikarudi kwao sawasawa na kwa wenzao. Wengi walidhani Burkitt amekosea. Lakini mwaka 2003 uchunguzi wa Wazungu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 ulionyesha kwamba waliokula makapimlo kwa wingi walipata saratani ya utumbo mpana kwa kiasi kidogo, wakipungua kwa karibu robo wakilinganishwa na waliokula machache. Majaribio ya miaka minne huenda ni mafupi mno kwa ugonjwa unaosafiri kwa miaka 10 au zaidi.

Mwaka 2015 kundi la watafiti wakiongozwa na Stephen O'Keefe walitangaza jaribio la kubadilishana vyungu. Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika walipewa kwa majuma mawili chakula cha kijijini Afrika ya Kusini, chenye makapimlo mengi na mafuta machache. Wanakijiji 20 wa Afrika ya Kusini nao walipewa chakula cha Kimarekani, chenye nyama na mafuta mengi. Kwa Wamarekani butireti iliongezeka zaidi ya mara mbili, na katika ukuta wa utumbo wao dalili za mgawanyiko wa haraka wa seli zilipungua, pamoja na dalili za mwako, yaani ile hali ya tishu kuvimba na kujaa chembe za ulinzi. Kwa wanakijiji mambo yalikwenda kinyume. Majuma mawili hayatoshi kumpa mtu saratani wala kumwondolea. Yanatosha kuonyesha kwamba seli za utumbo husikia mapema kilichomo sahanini.

Hapa Tanzania, watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha mwaka 2025 jaribio kama hilo lililowahusu wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliotoka katika chakula cha asili wakala cha kigeni kwa majuma mawili, damu yao ilionyesha dalili za mwako zilizoongezeka. Waliorudi katika chakula cha asili walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana majuma manne baadaye. Jaribio hilo lilipima damu, halikupima saratani. Lakini mwako wa muda mrefu ni mmoja wa wasaidizi wa saratani.

Makapimlo si kinga kamili, wala si jambo la pekee. Mwaka 2015 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliziweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pombe, tumbaku, unene wa kupita kiasi na kukaa bila kazi ya mwili navyo huongeza hatari. Mpagazi wa Kinyamwezi, kwa mwendo wake tu, alikuwa na kinga ambayo mtu wa leo anayekaa kutwa kitini hana.

SEMBE KATIKA NCHI YA MTAMA

Njia ya misafara haikupitisha pembe na nguo peke yake. Vyakula pia vilisafiri. Mahindi na muhogo, mimea ya asili ya Amerika, ilienea bara kwa njia za biashara. Waarabu wa Unyanyembe walilima mpunga na vitunguu, na miembe ilifuata nyayo za misafara. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mwendo wa bidhaa ukawa wa haraka zaidi. Kwa hiyo si kweli kwamba chakula cha asili cha Tabora kilikuwa kimoja tangu zamani. Kilibadilika kila mara, lakini kwa sehemu kubwa nafaka ililiwa na makapi yake.

Badiliko la leo ni la namna nyingine. Mahindi hukobolewa kwanza mashineni, ganda na kiini vikaondolewa, ndipo yakasagwa kuwa sembe. Sembe ina sifa zake: ni nyeupe, ni laini, na hukaa muda mrefu bila kuchacha kwa sababu kiini chenye mafuta kimeondolewa. Mgeni akipewa ugali wa sembe huona ameheshimiwa. Akipewa dona huenda akadhani ni shida ya nyumbani. Hata hivyo pumba anazopewa nguruwe au kuku ndiyo sehemu yenye makapimlo mengi, pamoja na vitamini na madini.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kila siku. Katika mkoa wa Tabora kiasi hicho si kigumu kukipata wala hakihitaji fedha nyingi: ugali wa dona, mtama au uwele, kunde, maharage, karanga, mlenda, kisamvu, matembele, michembe na matobolwa ya viazi vitamu, pamoja na matunda ya msimu.

Lipo onyo moja. Dona isagwe kutokana na mahindi makavu yasiyo na ukungu. Ukungu fulani hutoa sumukuvu, ambayo hudhuru ini na husababisha saratani ya ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka ianikwe vema juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, na ihifadhiwe pakavu.

WANAOFIKA WAMECHELEWA

Yote hayo yasingekuwa na haraka kama saratani hii ingali adimu. Haipo hivyo. Katika hospitali ya Bugando mjini Mwanza, ambayo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kanda ya Ziwa na magharibi ya nchi, wapasuaji walihesabu wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na puru waliofika kati ya mwaka 2006 na 2011. Walikuwa 332. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 46. Umri huo mdogo kwa sehemu unatokana na wingi wa vijana katika nchi, na haupaswi kuchukuliwa kama ushahidi kwamba ugonjwa wa hapa ni wa aina nyingine. Lakini tarakimu inayotisha ni hii: zaidi ya tisa katika kila kumi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa.

Walikuwa wapi katika miaka ile 10 ambayo kijinyama kilikuwa kikikua? Wengine hawakuwa na dalili yoyote, maana kijinyama kidogo hakiumi. Lakini ugonjwa unapoendelea, dalili huonekana, na hapa magharibi ya nchi dalili zake zina jina jingine tayari. Damu katika choo huitwa bawasiri, au kichocho cha tumbo, au amiba. Mara nyingi huwa ni hivyo kweli. Mgonjwa hupewa dawa, damu husimama kwa muda, kisha hurudi. Naye hununua dawa ile ile tena. Wengine huona haya kumweleza mganga habari za choo. Hivyo mwaka hupita, na mwingine.

Kutoka Tabora hadi Mwanza kuna reli tangu mwaka 1928, na barabara pia. Kwenda Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ni zaidi ya kilometa 800. Safari hizo zina gharama, na mtu hazifungi mpaka aone hana budi. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza yapasa ifanyike karibu na nyumbani. Mtu anayeona damu katika choo inayorudi baada ya matibabu, au mwenendo wa choo uliobadilika kwa majuma kadhaa, au anayekonda na kuishiwa damu bila sababu inayojulikana, aende akapimwe, na aombe kuchunguzwa njia ya haja kubwa. Saratani nyingi za hapa hukaa katika puru au karibu nayo, na daktari anaweza kuugundua uvimbe wa puru kwa kidole chenye glavu, kwa dakika moja, bila mtambo wowote. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliugua saratani hii akiwa kijana, amweleze daktari habari hiyo hata kama yeye hana dalili.

KAZI KWA DARASA

Walimu wa biolojia wanaweza kulifanya somo hili bila maabara kubwa. Wanafunzi wapime kilo moja ya mahindi, waikoboe mashineni, kisha wapime uzito wa mahindi yaliyokobolewa na uzito wa pumba, na kukokotoa ni sehemu gani ya punje iliyotupwa. Wafanye hivyo kwa mtama pia, wakilinganisha mashine na kinu.

Kazi ya pili ni ya kuuliza, kama Burkitt alivyouliza. Kila mwanafunzi amwulize bibi au babu yake vyakula alivyokula alipokuwa na umri wa miaka 15, kisha aandike anavyokula yeye mwenyewe kwa siku saba. Majibu yakusanywe katika jedwali moja la darasa. Darasa lijadili: je, jedwali hili linathibitisha kwamba chakula ndicho chanzo cha ugonjwa? Jibu ni kwamba halithibitishi. Linaonyesha tu mahali pa kuanzia kutafuta. Mwanafunzi anayeielewa tofauti hiyo amepata jambo kubwa katika sayansi.

Burkitt alifariki dunia mwaka 1993, miaka miwili baada ya jeni ya APC kutambuliwa. Sehemu kubwa ya vipimo vya jeni vilivyofanywa tangu hapo ni vya wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Asia. Saratani za utumbo za watu wa Tabora, Kigoma na Mwanza zinahitaji kusomwa nazo, jeni kwa jeni, na watu watakaozisoma leo wako madarasani. Kabla hawajafika maabara, wanaweza kurudi nyumbani jioni hii na kumwuliza mzee anayejikaza kimya kwa damu ya choo ikiwa amekwisha kumwona daktari.